Msimu wa Kusi na Usalama wa Safari za Baharini Unguja

Upepo wa kusi huanza kushika nguvu Unguja mwezi Aprili na huendelea hadi Septemba, bahari ikichafuka zaidi kati ya Juni na Agosti. Bandari ya Malindi, iliyo magharibi ya kisiwa, hukingwa na ardhi. Kwa hiyo utulivu wa maji gatini si kipimo cha safari. Abiria hukutana na mawimbi baada ya chombo kutoka kwenye kinga hiyo. Katika mkondo wa Nungwi, kuelekea Pemba, maji yaendayo kaskazini huongeza kasi msimu huu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Panapotajwa upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ngalawa na mashua zisitoke.

MV Skagit, ikitokea Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi. Ajali ya MV Spice Islander I, iliyozama Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, haielezwi na upepo pekee: chombo kilijazwa kupita uwezo wake, na orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwemo.

Abiria aliyeona chombo kimejaa asipande, hata kama ameshakata tiketi. Jina lake liandikwe kwenye orodha kabla ya kupanda, pamoja na ya watoto wanaobebwa mikononi.