Raia Walioandika Sera ya Anga Sebuleni

Kama uliwahi kusoma jarida la kompyuta la Byte, basi jina la Jerry Pournelle si geni kwako. Ndiye aliyekuwa akisimulia pale visa vya mashine zake. Wachache wanajua kwamba mwaka wa 1980, Ronald Reagan alipochaguliwa rais wa Marekani, Pournelle alikusanya Baraza la Raia la kushauri kuhusu sera ya anga. Walikutana nyumbani kwa mwandishi mwenzake, Larry Niven, huko California: wahandisi, wanajeshi, watunzi wa hadithi za kisayansi, hata Buzz Aldrin aliyetembea mwezini.

Hilo neno "raia" nina shaka nalo kidogo. Hawakuchaguliwa na mtu, walialikwa. Nguvu yao ilikuwa kuandika ripoti inayosomeka, na kumjua wa kuipokea. Walipigia debe silaha za kuzuia makombora, mpango ambao Reagan aliutangaza Machi 1983. Mwaka uliofuata Arthur C. Clarke aliupinga mbele yao, Robert Heinlein akamjia juu, na urafiki wao ukaingia ufa.

Mimi nawapa heko kwa roketi. Mwaka wa 1989 Pournelle, mhandisi Max Hunter na Jenerali Daniel Graham walimwendea Makamu wa Rais Dan Quayle na wazo la roketi ya kupaa na kutua wima, itumike tena. Hapo ndipo ilipotoka DC-X, iliyoruka New Mexico Agosti 1993 ikiongozwa na watu watatu tu, ikatua kwa miguu yake. Falcon 9 ilikuja kutua hivyo miaka 22 baadaye. DC-X yenyewe, ikiwa tayari mikononi mwa NASA, iliungua Julai 1996 baada ya mguu mmoja kukataa kufunguka.