Mwalimu wa Sekondari Aliyewapima Nyuki Akili

Wenzangu mliosoma Bayolojia bila shaka mnamkumbuka mende wa maabara. Tulimlaza chali, tukambana kwa pini, tukampasua, tukachora mishipa yake ya fahamu kwa penseli, na mwalimu akatupa alama. Hakuna aliyetuuliza kama yule mende, alipokuwa hai, aliweza kujifunza jambo lolote. Kumbe swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa mwaka 1912, tena na mwalimu wa shule ya sekondari.

Jina lake lilikuwa Charles Henry Turner. Alizaliwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Baba yake alikuwa mtunzaji wa kanisa, na mama yake muuguzi. Katika Chuo Kikuu cha Cincinnati alichunguza ubongo wa ndege, na makala yake juu ya ubongo huo ikachapishwa mwaka 1891. Baada ya kufundisha Atlanta kwa miaka kadhaa, alipata udaktari wa zoolojia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1907. Mtu wa elimu hiyo angetazamiwa kupewa maabara yake na wasaidizi. Turner alikuwa mtu mweusi, na mwaka 1908 alikwenda kufundisha Sumner High School, shule ya watoto weusi mjini St. Louis. Huko alibaki hadi 1922.

Ili tuelewe uzito wa kazi yake, yafaa tujue wataalamu wa siku zile walisema nini. Mwaka 1898 Mjerumani Albrecht Bethe alidai kwamba sisimizi na nyuki ni kama mashine tu: kitu kikiwagusa hujibu, wala hawajifunzi. Turner hakubishana kwa maneno. Aliwajengea sisimizi jukwaa la kadibodi lenye njia za kushukia, akawawekea taa. Alipoihamisha taa upande wa pili, walipotea njia. Basi hawakuwa wakifuata harufu peke yake, bali mwanga pia uliwaongoza kurudi nyumbani. Safari nyingine alikuta tundu la nyuki wa ardhini karibu na kizibo cha chupa ya soda. Akakisogeza kizibo mahali pengine, na yule nyuki akalitafuta tundu lake pale kilipohamia kizibo! Mdudu huyu, basi, huweka alama za mahali kichwani mwake.

Mende naye kwa desturi hukimbilia giza. Turner alimpa mshtuko mdogo wa umeme kila alipoingia upande wenye giza, hata mende akajifunza kuliepa. Akamhamishia katika chombo cha umbo jingine, na mende akaendelea kulikataa giza. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio lake zuri kuliko yote, maana linaonyesha kwamba mende hakukariri njia tu. Mwaka 1914 alithibitisha pia kwamba nondo wakubwa wasiojali sauti fulani huanza kuishtukia ikiwa kila inapolia wanasumbuliwa kwa mkono.

Lakini lililo maarufu ni lile la nyuki, la mwaka 1910, katika bustani ya O'Fallon mjini humo. Alitia asali katika vitu vya kadibodi nyekundu, akaweka vya rangi nyingine visivyo na asali. Nyuki walizoea kwenda kwenye nyekundu hata pasipokuwa na asali. Turner mwenyewe alikiri kwamba huenda nyuki waliiona nyekundu kama kijivu tu. Ni watu wachache wanaoandika shaka yao wenyewe waziwazi namna hiyo. Miaka michache baadaye Karl von Frisch wa Ulaya alipanga kadibodi za kijivu za kila namna kando ya zile za rangi, akathibitisha kwamba nyuki huona rangi kweli, ila nyekundu kwao ni kama giza. Von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Turner alifariki mwaka 1923, akiwa ameandika makala zaidi ya 70, nyingi kati ya vipindi vya darasani na likizo. Hakuwa na wanafunzi wa udaktari wa kuendeleza jina lake, na vitabu vingi vya fani hii vilimpita kimya kwa miaka mingi. Mimi mwenyewe nilifundisha somo hili muda mrefu pasipo kumsikia, na ninaona haya kusema hivyo.

Sasa nawageukia ninyi mlioko madarasani. Jaribio la nyuki halihitaji ufunguo wa maabara. Tafuteni kadibodi, asali kidogo, na mtu wa kukaa bustanini na daftari tangu asubuhi. Tumieni buluu, si nyekundu.