Mabinti wa Mbweni

Tukisoma habari za misheni ya UMCA Zanzibar, tunatajiwa Askofu Tozer, Askofu Steere na wavulana wa Kiungani. Mabinti wa Mbweni je?

Shamba la Mbweni lilinunuliwa 1871. Hapo wakawekwa wasichana waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza na kutolewa utumwani, hawana baba wala mjomba. Kuanzia 1877 hadi 1902 skuli ilikuwa mikononi mwa Bibi Caroline Thackeray. Malazi, chakula na kisomo walipata, hilo tusilikatae. Lakini aliyekuwa mwepesi wa kusoma ndiye aliyeandaliwa ualimu. Wengine walifundishwa kushona, kufua na kulima. Na posa? Ilipitia kwa wamishionari, maana wao ndio waliokaa pahala pa wazee. Tena mume alitakiwa awe Mkristo, mara nyingi kijana wa misheni hiyo hiyo. (Nao wavulana, angalau baadhi yao, walifikia upadri.)

Barua na ripoti za misheni zimewataja sana mabinti hawa, ila mkono ulioandika ni wa walimu wao. Ndo maana mie husita mtu anaponambia ati wote walishukuru.