Kuta za Great Zimbabwe na Uongo Uliokataa Kufa

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, jamaa mmoja akawa anatuonyesha video ya kuta za mawe za Great Zimbabwe kwa simu yake. Akasema bila kupepesa macho: "Hizi si kazi ya Waafrika. Hawa ni watu wa kutoka anga za juu." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyebisha. Hata mimi nilinyamaza, na hiyo kimya imenisumbua tangu siku hiyo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite profesa. Lakini hii stori haitaki digrii ndio uielewe.

Kati ya karne ya 11 na ya 15, mababu wa Washona walijenga mji kusini mwa nchi tunayoiita Zimbabwe leo. Ukuta mkubwa zaidi una mzunguko wa karibu mita 250, na kuna mahali unafika mita 11 kwenda juu. Hakuna simiti, hakuna chokaa. Ni mawe ya graniti yamepangwa moja juu ya lingine, na bado yamesimama.

Pesa ilitoka wapi? Ng'ombe na dhahabu. Dhahabu ilibebwa hadi Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na biashara ya Sofala ilishikwa na Kilwa. Ndio, Kilwa ya Waswahili, ile Ibn Battuta alitembelea 1331 na akausifu uzuri wake. Ndani ya magofu ya Great Zimbabwe wachimbaji walipata vyombo vya kauri kutoka China, shanga za kioo, na hata sarafu ya sultani wa Kilwa. Yaani sisi watu wa pwani na wao wa bara tulikuwa soko moja kabla Mreno hajatia mguu huku.

Si ati ilikuwa paradiso. Wakubwa walikaa ndani ya kuta, raia wakabanana nje kwenye nyumba za udongo. Kufikia karne ya 15 nguvu ilikuwa inahamia kwingine, Mutapa upande wa kaskazini na Khami upande wa magharibi. Dola huinuka, dola hushuka. Hiyo ni kawaida.

Yenye si kawaida ni hii. Mwaka wa 1871 Mjerumani anaitwa Karl Mauch alifika pale, akakata kipande cha mbao, akaona kinafanana na mbao ya penseli yake. Penseli ilikuwa ya mwerezi, mwerezi unatoka Lebanon, basi akaamua mjenzi ni Malkia wa Sheba! Manze, historia ya watu wazima ikaandikwa kwa penseli.

Halafu wakaja watu wa Cecil Rhodes. Richard Hall, aliyepewa kazi ya kutunza magofu mwaka wa 1902, alichimba na kutupa udongo uliobeba mabaki ya Waafrika waliokaa pale. Mwaka wa 1905 David Randall-MacIver alichunguza na kusema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akasema vivyo hivyo mwaka wa 1929. Ushahidi ulikuwepo, lakini serikali ya walowezi haikuutaka. Peter Garlake, mwanaakiolojia aliyeshikilia ukweli huo, alibanwa hadi akaondoka Rhodesia mwaka wa 1970.

Mbona waogope mawe? Kwa sababu walikuwa wamechukua ardhi wakisema huku hakukuwa na dola wala maendeleo. Ukikubali kuta ni za Washona, hicho kisingizio kinaanguka. Ndio maana wapigania uhuru walichukua jina Zimbabwe, na tangu 1980 ndege wa mawe kutoka magofu hayo yuko kwenye bendera.

Sasa ile stori ya watu wa anga za juu ni Malkia wa Sheba amevaa nguo mpya. Mjenzi ni yeyote yule, bora asiwe sisi. Tofauti ni kwamba zamani walowezi walitulazimisha kuamini hivyo, leo tunajisambazia wenyewe, bando ni yetu.

Nywele zangu zitakuwa zimerudi wiki mbili zijazo. Safari hii sinyamazi.