Mbwa wa Senn na deni la utumbo mfupi

Kujisokota kwa utumbo, hali inayokata damu hadi sehemu iliyojinyonga ikaoza, ni dharura inayofahamika vyema kwa wapasuaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1967 J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 92 nchini Uganda ambao utumbo wao mwembamba na mnene ulikuwa umefungana fundo. Mgonjwa wa aina hiyo akitokea visiwa vya delta ya Rufiji, Tanzania, husafiri kwanza kwa boti, kisha kwa gari, na kila saa inayopita huongeza urefu utakaokatwa. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una takriban mita 6. Zikibaki pungufu ya mita 2, chakula na maji hupita kabla ya kufyonzwa, mgonjwa akaharisha na kukonda, na hali hiyo ndiyo iitwayo ugonjwa wa utumbo mfupi.

Kiasi kinachoweza kuondolewa kilitafutwa kwanza kwa wanyama, na majibu yakagongana vikali. Nicholas Senn wa Marekani, aliyewapasua mbwa na paka, alisema mwaka 1888 kwamba kuvuka theluthi moja ni hatari. Trzebicky akafika nusu mwaka 1894. Monari, mwaka 1896, akaripoti mbwa walioishi baada ya kupoteza sehemu saba kati ya nane. Mabishano hayo yalikuwa na kasoro ya msingi, kwa kuwa mnyama aliyepona jeraha si lazima awe amepona njaa, na ni Flint, mwaka 1912, aliyeonyesha kwamba vinyweleo vya ukuta wa utumbo uliosalia hukua ili kufidia.

Baadaye alipendelewa nguruwe mchanga, ambaye utumbo wake unafanana na wa mtoto mchanga. Katika miaka ya 1960, Stanley Dudrick wa Philadelphia alikuza watoto wa mbwa kwa lishe ya mshipani pekee, bila kutegemea utumbo. Mwaka 1996 Daniel Drucker alionyesha kwa panya homoni inayokuza utumbo, na dawa yake ikaidhinishwa Marekani mwaka 2012.

Dawa hiyo ni ghali mno, na lishe ya mshipani hudai maabara na uuguzi wa kila siku. Kwa mkazi wa delta, boti ya wagonjwa na mpasuaji aliye karibu vingeokoa utumbo mwingi zaidi.