Kondoo Mwekundu na Siasa ya Neno "Bora"

Katika lugha ya maofisa wetu wa mifugo, hakuna neno linalotamkwa kwa wepesi kama neno "bora". Tuna mbegu bora, madume bora, malisho bora na ufugaji bora. Neno lenyewe halifafanuliwi, na mara chache sana anayelitamka huulizwa: bora kwa nani, mahali gani, na kwa muda gani? Makala haya yanalichunguza neno hilo kupitia historia ya mnyama ambaye wanahistoria wetu wa siasa hawajamjali sana, yaani kondoo mwekundu wa Kimaasai. Katika kipindi kisichofika miaka 20, kondoo huyu aliyekuwa ameenea katika nyika za kusini mwa Kenya alikaribia kutoweka katika umbo lake halisi. Hakumalizwa na tauni wala vita. Alimalizwa na mpango wa serikali uliokusudia kumwendeleza mfugaji.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Kondoo wa vitabu vya picha tulivyosomea shuleni amefunikwa na sufu, na wengi hudhani kwamba hivyo ndivyo kondoo alivyoumbwa. Historia inasema vingine. Kondoo walianza kufugwa kusini-magharibi mwa Asia yapata miaka 10,000 iliyopita, na wale wa kwanza walikuwa na nywele fupi. Sufu nyingi ilikuja baadaye, kwa wafugaji kuchagua kizazi baada ya kizazi wanyama waliokuwa nayo. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara kondoo aliendelea kuwa wa nywele. Hanyolewi. Hufugwa kwa nyama, kwa ngozi na kwa mafuta, na katika nchi ya joto nywele fupi ni nafuu kwake na kwa mchungaji wake.

Kondoo mwekundu ni mmoja wa jamii hiyo. Rangi yake hukaribia ya udongo wa nyikani, na mkia wake ni mnene kwa mafuta. Wamaasai na majirani zao wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania wamemfuga kwa vizazi vingi. Mafuta yake hupewa mama aliyejifungua ili arejeshe nguvu, na mnyama mwenyewe ana nafasi katika sherehe za kimila. Haya ni matumizi ambayo mizani ya mnadani haiyapimi, na jambo hilo lina uzito katika habari inayofuata.

Dhana kwamba mifugo ya Mwafrika ni duni ilifika pamoja na ukoloni. Walowezi wa Kenya waliotaka kuigeuza Bonde la Ufa kuwa nchi ya sufu walileta kondoo kutoka ng'ambo. Lord Delamere, aliye mashuhuri kuliko wote, aliingiza madume ya kigeni na kuyapandisha kwa kondoo jike wa Kimaasai. Wageni wake wengi walikufa kwa maradhi na kwa upungufu wa madini katika malisho. Tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo Wamaasai walikuwa wakihamishwa kutoka ardhi zao bora za malisho kwa mikataba ya 1904 na 1911. Ardhi ilichukuliwa, kondoo jike wakanunuliwa ili wawe msingi wa makundi ya mlowezi, na bado ripoti zikaendelea kumwita mnyama huyo duni.

Mwaka 1938, huko Machakos, dhana hiyo ilifikia ukomo wake, ingawa wakati ule mnyama aliyehusika alikuwa ng'ombe. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba Wakamba wana mifugo mingi kupita kiasi, ikaanza kuwalazimisha kuiuza, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kikiwa kimefunguliwa karibu, Athi River. Muindi Mbingu aliongoza umati mkubwa wa watu waliotembea hadi Nairobi kudai kusikilizwa. Yeye alihamishiwa Lamu kama mfungwa wa kisiasa, lakini serikali ililazimika kuacha mauzo ya nguvu. Kisa hiki hufundishwa kama sura ya harakati za uhuru, na ni sawa. Hata hivyo kiini chake kilikuwa swali la nani mwenye haki ya kuamua ni mifugo gani, na mingapi, inayomfaa mfugaji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, swali hilo lilirithiwa bila kujibiwa.

Sasa tusafiri kidogo hadi Afrika Kusini, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa kondoo atakayeingia katika habari yetu. Karibu na mwaka 1870 walifika Rasi kondoo wachache wenye kichwa cheusi na mwili mweupe. Wenyeji wa Rasi waliwaita Waajemi, na jina hilo limedumu hadi leo katika vitabu vya mifugo. Ukweli ni kwamba asili yao ni Usomalini. Walikuwa kondoo wa nywele wa Afrika Mashariki waliopewa uraia wa nchi nyingine kwa sababu ya safari ya meli.

Katika miaka ya 1930, wakulima wa Afrika Kusini walitaka kuuza nyama ya mwanakondoo katika soko la Smithfield, London. Wanunuzi wa Kiingereza hawakuipenda nyama yenye mafuta yaliyorundikana mkiani na matakoni. Wataalamu wa serikali wakapandisha madume ya Dorset Horn kutoka Uingereza kwa majike wa Kisomali walioitwa Waajemi. Matokeo yalikuwa kondoo mnene, anayekua haraka, asiyehitaji kunyolewa, na mwenye uwezo wa kuishi katika nchi kame ya Karoo. Jina lake lilitokana na silabi za wazazi wote wawili: Dorper. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1950.

Lazima tukiri kwamba Dorper ni kazi nzuri ya kisayansi. Alitengenezwa kwa lengo lililo wazi, mahali panapojulikana, kwa soko linalojulikana. Leo amefika hadi Australia na Marekani, ambako kushuka kwa bei ya sufu kumewafanya wafugaji wengi wageukie kondoo wa nywele. Tatizo halikuwa katika mnyama huyo. Lilianza pale alipochukuliwa kuwa bora kila mahali.

Dorper waliingizwa Kenya kuanzia miaka ya 1950. Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo wekundu halisi walikuwa bado wameenea katika nchi za wafugaji, pengine wakihesabika kwa mamilioni. Ndipo mpango wa kusambaza madume ya Dorper kwa bei ya ruzuku ulipoanza. Mfugaji alipata dume kwa gharama nafuu, akalipandisha kwa majike wake wekundu, na chotara wa kwanza wakampendeza kila mtu. Walikuwa wakubwa kama baba na wavumilivu kama mama. Mnadani walileta fedha zaidi. Kwa macho ya mfugaji na ya ofisa, mradi ulikuwa umefaulu.

Kilichokosekana ni maelezo ya hatua ya pili. Chotara wa kwanza hupatikana tu ikiwa mama mwekundu halisi bado yupo. Mfugaji anayemrudisha binti wa Dorper kwa dume jingine la Dorper hupata mnyama mwenye robo tu ya damu ya bibi yake, na mzao unaofuata hubaki na thumni. Kila hatua humsogeza mnyama karibu na Karoo na kumtenga na nyika anamoishi. Wafugaji hawakuelekezwa namna ya kuhifadhi kundi la majike halisi, wala hapakuwa na mpango wa kitaifa wa kulihifadhi. Walipewa dume na pongezi.

Hasara ilijificha tumboni. Katika nchi zenye joto na unyevu, adui mkubwa wa kondoo ni mnyoo unaoishi katika tumbo la nne na kunyonya damu, ambao wataalamu huuita Haemonchus contortus. Jike mmoja wa mnyoo huu hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na mayai hayo hutoka na kinyesi na kuanguliwa malishoni. Kondoo aliyeshambuliwa huwa na ufizi mweupe kwa kupungukiwa damu, huvimba chini ya taya, na hatimaye hufa. Karoo ni nchi kame ambamo viluwiluwi vya mnyoo huu haviwi na nafasi kubwa, kwa hiyo Dorper hakuchujwa vikali na adui huyo. Kondoo mwekundu alichujwa naye kwa vizazi, bila dawa, na waliosalia ndio waliozaa.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo yenye makao yake Nairobi, ambayo tangu 1994 inajulikana kama ILRI, waliwaweka wekundu na Dorper pamoja katika shamba moja la Diani, kusini mwa Mombasa. Katika unyevu wa Pwani tofauti ilikuwa kubwa. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo katika kinyesi, damu yao ilipungua kidogo zaidi, na wana wao wengi zaidi walipona. Wana wa Dorper walikufa kwa wingi. Kundi zima lilipopimwa, pamoja na vifo na uzazi, wale wadogo wekundu walitoa nyama nyingi kuliko wale wakubwa. Katika eneo kavu zaidi la Naivasha tofauti hiyo ilipungua sana. Jibu la swali "nani bora" lilitegemea mahali mtu aliposimama.

Lakini uchungu wa habari hii ni mwingine. Mwaka 1992, na tena miaka iliyofuata, watafiti walipozunguka Kenya na kaskazini mwa Tanzania wakitafuta kondoo wekundu halisi, waliwapata wachache mno. Hata kundi dogo walilolikusanya lilionekana baadaye kuwa na damu iliyochanganyika. Mwaka 2007 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lilikisimulia kisa hiki katika ripoti yake kuu juu ya mifugo ya dunia, kama onyo kwa mataifa mengine. Mwaka huo huo, huko Interlaken, Uswisi, mataifa yalipitisha mpango wa pamoja wa kulinda aina za mifugo. Wahenga walikuwa wametuonya zamani kwamba tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha kwa ruzuku.

Kuna atakayeuliza: je, mfugaji mwenyewe hakuchagua? Alichagua, na uchaguzi wake ulikuwa na akili. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wafugaji wa Kajiado umeonyesha kwamba wale wa Isinya, walio karibu na barabara na soko, huthamini zaidi Dorper na chotara wake, ilhali wale wa Amboseli, ambako ukame ni mkali, humthamini zaidi kondoo mwekundu. Watu hawa hawapingani. Kila mmoja anaijua hesabu ya mahali pake. Aliye Isinya anaweza kununua dawa na kuuza kabla ya kiangazi kumfikia. Aliye Amboseli anajua kwamba fedha ya mnyama mkubwa ni fedha ya mwaka wa mvua, na kwamba mwaka wa njaa humwachia mwenye mnyama anayetembea mbali na kula kidogo. Kosa la mpango wa ruzuku lilikuwa kuzichukulia hesabu hizi mbili kama hesabu moja, na kuilipia moja kwa fedha ya umma.

Wengine husema dawa za minyoo zitaziba pengo. Kwa muda zilifanya hivyo. Lakini minyoo nayo huchuja vizazi vyake, na katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo, imekuwa sugu kwa kundi moja la dawa baada ya jingine. Mfugaji aliyepokea mnyama asiye na kinga amepokea pia gharama ya dawa isiyokoma, na siku dawa inaposhindwa ndiye anayebaki na mizoga. Hakuna ofisi iliyowahi kuwajibishwa kwa mizoga hiyo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, historia hii inatoa masharti yasiyohitaji bajeti kubwa. Kabla dume moja halijagawiwa katika hafla, kuwe na rekodi inayoonyesha limepimwa wapi na dhidi ya mnyama gani, na kipimo kisiwe uzito wa siku ya mnada pekee, bali idadi ya wana waliofika umri wa kuuzwa. Kuwe na mpango wa kulinda kundi la mama, ukiwa na wafugaji wanaolipwa kwa kazi hiyo, kwa maana faida ya chotara inatoka kwao. Na wafugaji wa mahali husika, wakiwemo wanawake wanaowaangalia wana wa kondoo kila asubuhi, waulizwe kabla ya mradi kuandikwa.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, naomba jambo moja. Tumezoea kutafuta unyang'anyi mahali palipo na bunduki, uzio na hati ya ardhi. Tuutafute pia katika neno la sifa. Kondoo wa Kisomali alitoka pwani yetu, akapewa jina la Uajemi, akachanganywa kwa ajili ya meza za London, kisha uzao wake ukaletwa kwetu kama maendeleo, na kondoo wekundu wakatolewa ili kumpisha. Wafugaji wachache wa Kenya na Tanzania waliowabakiza wekundu wao hawakufanya hivyo kwa ujinga wala ukaidi. Walikuwa na ushahidi wao, na ni juu ya serikali zetu kuusoma kabla ya kugawa madume mengine.