Masikio Yaliyojaribiwa Gizani

Kila mwenye kuuza mashini ya muziki husifu kwamba sauti yake ni sawa na ya mwimbaji mwenyewe. Maneno hayo si mapya. Yalisemwa juu ya mashini ya Edison, yakasemwa tena juu ya sahani ndogo za CD, na leo yasemwa juu ya muziki wa namna mpya ambao bei yake yapita bei ya ile ya kwanza. Mnunuzi afanye nini? Akisema hasikii tofauti, watu watadhani masikio yake ni mazito. Kwa hiyo wengi husikia upesi kile walicholipia. Tutazame basi jinsi wataalamu walivyojifunza kuyapima masikio bila kuyaacha yadanganywe na macho.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko gramofoni. Mwaka 1784, mjini Paris, mfalme wa Ufaransa aliwachagua watu wenye elimu, kati yao Benjamin Franklin na Lavoisier, wachunguze uganga wa nguvu isiyoonekana ulioletwa na daktari Mesmer. Wagonjwa walikuwa wakitetemeka na kuanguka mara nguvu hiyo ilipoelekezwa kwao. Wachunguzi wakawafunga macho. Walipoambiwa kwamba nguvu imeelekezwa kwao, ijapokuwa haikuelekezwa, walitetemeka. Ilipoelekezwa bila wao kujua, hawakusikia kitu. Tuangalie vizuri: watu wale hawakuwa waongo. Waliyasikia kweli mwilini mambo waliyoyangojea.

Edison naye alitumia giza, lakini kwa shabaha nyingine. Alivumbua fonografu mwaka 1877, na tangu 1915 mpaka 1925 hivi kampuni yake ilifanya maonyesho mengi katika miji ya Marekani. Mwimbaji alisimama jukwaani karibu na mashini, akaimba pamoja na sahani yake mwenyewe, akanyamaza, akaanza tena. Kisha taa zikazimwa. Watu walisikiliza wimbo gizani, na taa zilipowashwa waliona mashini tu; mwimbaji amekwisha kuondoka! Mwaka 1916 onyesho kama hilo lilifanyika New York katika jumba la Carnegie Hall, na mwimbaji alikuwa Marie Rappold. Watu walishangaa sana, na mashini zikauzwa.

Je, sauti ya mashini ile ilikuwa kweli sawa na ya mtu? Sahani za siku zile zingaliko; mtu akizisikiliza leo atasikia mkwaruzo wa sindano na sauti iliyobanwa kama inatoka ndani ya debe. Mwimbaji mmojawapo, Anna Case, alieleza katika uzee wake kwamba alikuwa akiilinganisha sauti yake na ya mashini. Kumbe si mashini iliyomfuata mtu, ni mtu aliyeifuata mashini. Tena hakuna aliyewauliza wasikilizaji mmoja mmoja: sasa hivi, ni mtu au ni mashini? Giza lilikuwapo, lakini hesabu haikuwapo. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa tangazo la biashara, si jaribio.

Hesabu ilikuja baadaye. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Munson na Gardner, waliandika njia moja rahisi. Msikilizaji husikilizishwa sauti ya kwanza, iitwayo A, na ya pili, iitwayo B. Halafu huletewa ya tatu, X, ambayo ni moja ya zile mbili, iliyochaguliwa kwa kura. Ajibu: X ni A au ni B? Asiyesikia tofauti atabahatisha, naye atapata nusu, kama mtu anayetupa sarafu juu. Akijibu sawa mara sita katika kumi, hilo si neno. Sarafu nayo yaweza kufanya hivyo. Lakini akipata mara sitini katika mia, ni vigumu zaidi kusema ni bahati, na kwa mara elfu haiwezekani tena. Yafaa pia sauti zote mbili ziwe na nguvu sawasawa kabisa, maana sikio la mtu huiona sauti kubwa kidogo kuwa nzuri zaidi, wala halijui kwamba limevutwa na ukubwa tu. Wachuuzi wengi walilijua jambo hilo mbele ya wataalamu!

Sasa tufike kwenye ugomvi wa siku zetu. Mwaka 1982 sahani za CD zilianza kuuzwa. Zilitengenezwa na kampuni mbili, Sony na Philips (Philips ndiyo iliyoeneza sahani za Misa Luba ya kwaya ya Kamina). Katika CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Kwa njia hiyo mitetemo hushikwa mpaka kama 20,000 kwa sekunde, na huo ndio mpaka wa sikio la kijana. Mtu wa miaka hamsini hafiki huko, naye ndiye mara nyingi mwenye fedha za kununua mashini za bei kubwa.

Hata hivyo mwaka 1999 kampuni zilezile zilitoa sahani nyingine, SACD, yenye kushika mitetemo ya juu zaidi. Wasifu waliandika kwamba pazia limeondolewa, kwamba CD ni kitu cha kutupwa. Basi katika mji wa Boston, Meyer na Moran walichukua sahani hizo mpya na kufanya jambo la werevu: sauti yao waliipitisha katika mashini iliyoipunguza mpaka kipimo cha CD, wakawauliza wasikilizaji watambue ni lini imepunguzwa. Watu kama 60 walisikiliza, wengine wakiwa mafundi wa sauti. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Katika majaribio 554, majibu sawa yalikuwa 276. Ni nusu, kasoro kidogo. Sarafu ingetosha. Tofauti ilisikika tu pale walipoongeza sauti kupita kiasi chumbani kimya, mpaka mvumo mdogo wa CD ukatokea.

Lakini wachunguzi hao hao waliandika neno ambalo wengi hulisahau: sahani nyingi kati ya zile mpya zilikuwa na sauti nzuri kweli, kuliko CD za kawaida. Sababu haikuwa tarakimu. Mafundi walizitengeneza kwa uangalifu zaidi, wakijua kwamba wanunuzi wake ni watu wenye kuchagua. Basi aliyesema sahani yake mpya ni nzuri hakukosa. Alikosa tu aliposema kwa nini.

Wapinzani hawakunyamaza. Walionyesha kwamba baadhi ya sahani zilizotumiwa zilinakiliwa kutoka kanda za zamani, ambazo labda hazikuwa na sauti za juu tangu mwanzo. Hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 2016 Joshua Reiss, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alikusanya majaribio 18 ya watu mbalimbali, yenye majibu zaidi ya 12,500, akayajumlisha. Waliojibu sawa walikuwa 52.3 katika mia. Ni kidogo sana, lakini kwa hesabu kubwa namna hiyo si bahati tupu. Waliofundishwa kwanza wasikilize nini walipata karibu 60 katika mia.

Upande mmoja wakashangilia: mwaona, inasikika! Wa pili wakajibu: ndiyo, baada ya kufundishwa, kwa shida, na bado wakakosa mara nne katika kumi. Tena kuna swali lililobaki katikati yao: je, wale walisikia mitetemo ya juu yenyewe, au kasoro ndogo ya mashini iliyoipunguza? Juu ya hilo bado wanabishana.